Afande Aliyetembelea Macho

Hakuna kuruta aliyepita mikononi mwa Afande Chuma akatoka bila kinyongo naye. Alikuwa mwalimu wa kwata katika kampuni ya ulinzi, moja ya zile zinazopeleka walinzi kwenye mageti ya viwanda na nyumba za wenye nacho. Kazi yake ilikuwa kuchukua watu waliozoea kuburuza ndala na kuwafundisha kutembea. Alipenda kulisema hivyo hivyo.

"Mama zenu waliwadanganya," aliliambia kila kundi jipya kwenye uwanja wa vumbi nyuma ya ofisi. "Waliwapigia makofi mlipopiga hatua ya kwanza, mkadhani mmejua. Hamjui kutembea ninyi. Mnayumbayumba tu mpaka mnafika."

Kosa lililompandisha hasira kuliko yote lilikuwa kuruta kuangalia chini. "Macho mbele! Unatafuta nini huko, umeangusha jino? Miguu ni yako, umezaliwa nayo, haitakukimbia!" Na aliyerudia kosa alizungushwa uwanja mzima akichuchumaa na kuruka, huku wenzake wakilazimishwa kumcheka kwa sauti.

Msaidizi wake alikuwa mwanamke mmoja mwenye sauti ya kupasua ukuta. Utotoni aliwahi kuvunjika nyonga, ikaunga vibaya, kwa hiyo akitembea kiuno chake kilikwenda upande mmoja kabla hakijakubali kurudi. Siku ya kwanza alipofika pale kama kuruta, Afande Chuma alimtazama akivuka uwanja, akasema, "Karibu, Bata." Jina likamganda. Makuruta walilitumia, karani wa ofisini alilitumia, hata mwenye kampuni alimwita hivyo mbele ya wageni. Yeye alilimeza, akafanya kazi, akapanda cheo mpaka akawa wa pili uwanjani. Lakini kati yake na Afande hapakuwa na salamu, zilikuwa amri tu na utekelezaji.

Basi hayo ndiyo yalikuwa maisha ya Afande Chuma, mpaka vidole vya miguu vilipoanza kumfia ganzi.

Alilaumu buti. Akabadilisha buti, ganzi ikapanda hadi kwenye vifundo. Kisha ardhi yenyewe ikageuka. Kila alipokanyaga alihisi kama kuna godoro kati ya soli na udongo. Ulimi nao ukawa unamuwasha kila akinywa chai, ukawa mwekundu na laini kama umepigwa msasa.

"Nenda hospitali," mkewe alimwambia.

"Nikaseme nini? Kwamba kuna godoro linanifuata kazini?"

Mkewe alikuwa fundi cherehani aliyeshona sare za shule pale pale chumba cha mbele, na mdomo wake ulikata kuliko mkasi wake. Watoto walikuwa wameshaondoka, kila mmoja na kwake, na wazee hawa wawili walibaki kama wapangaji waliopewa chumba kimoja kwa makosa. Alimwita "Afande," na mumewe alijua fika kwamba ndani ya jina hilo hamna hata chembe ya heshima.

Siku moja mkewe alimwita kutoka jikoni. "Afande, ndala yako iko huku."

"Nimezivaa."

"Umevaa moja."

Akatazama chini. Kweli, mguu wa kulia ulikuwa peku. Ndala ilikuwa imemvuka njiani naye ameendelea na safari bila habari. Akairudia, lakini moyoni kitu kilimshtua.

Haukupita muda, asubuhi moja akiwa bafuni, amejipaka sabuni usoni na kufumba macho, sakafu ikaondoka. Hakuteleza, angeapa hakuteleza. Alikuwa amesimama, halafu akawa chini, bega limegonga ukuta na povu limeingia mdomoni.

"Umeangusha nini huko?" mkewe aliuliza kwa sauti kutoka chumba cha mbele.

"Nimeanguka mimi."

"Ndoo imepasuka?"

"Haijapasuka."

"Haya." Na cherehani ikaendelea kunguruma.

Toka siku hiyo akawa ananawa uso amekaa kwenye kigoda. Akajifunza kutopita kwenye korido bila taa, na kutogeuka ghafla. Kazini ndiko kulikokuwa na balaa. Aligundua kwamba ili afike kutoka ofisini hadi katikati ya uwanja bila kupepesuka, lazima aione miguu yake. Lazima aiangalie ikikanyaga, kama mtu anayechunga mbuzi wasioaminika. Yeye, mtu wa macho mbele! Akaishusha kofia mpaka kwenye nyusi ili wasione macho yake yanatazama wapi.

Makuruta hawakuona. Bata aliona. Alingoja wakabaki wawili tu kwenye stoo ya buti, akamsogelea, akauliza polepole, "Afande, umeangusha jino?"

Damu ilimpanda kichwani. Kesho yake alimsimamisha mbele ya gwaride zima, akamwambia ana harufu ya uvivu, akamtuma kusugua vyoo vya makuruta huku kundi zima likisimama mlangoni kutazama. Bata alisugua. Alipotoka, mikono ikimtiririka maji, alipiga saluti safi kabisa na kusema, "Tayari, Afande." Macho yake yalikuwa yametulia, na utulivu ule ulimkera Afande kuliko kama angetukanwa.

Kisha likaja gwaride la wageni. Wakuu wa kiwanda kimoja kikubwa walitaka kuona walinzi kabla ya kuwachukua. Ulisimamishwa mlingoti wa bendera ya kampuni, viti vikapangwa chini ya turubai. Afande Chuma aliagiza mstari mweupe wa chokaa uchorwe kuukata uwanja wote. "Kwa ajili ya kupendeza," alisema. Ukweli ni kwamba aliuhitaji, autazame chini ya ukingo wa kofia na kuufuata.

Mwanzo mambo yalikwenda vizuri. Alitangulia mbele ya safu, kifua nje, chokaa ikimvuta kama kamba. Lakini gwaride likifika mbele ya wageni, anayeliongoza hana budi kuamuru macho kulia, ageuze kichwa na kupiga saluti hadi awapite. Hilo halikwepeki.

"Gwaride! Macho... kulia!"

Akageuza kichwa. Mstari ukamtoka machoni. Mahali pake lilikuja turubai linalopepea kwa upepo, linavimba na kunywea, na akili yake iliyokuwa imezoea kuyategemea macho ikaamini kwamba kinachoyumba ni yeye. Akajirudisha upande wa pili kuzuia anguko ambalo halikuwepo. Akautupa mguu wa kushoto pale alipodhani pana ardhi, ukapiga chini kwa kishindo mapema mno, goti likakunja. Afande Chuma akaanguka chali kwenye vumbi, mkono wa saluti bado uko kwenye kofia.

Safu ya kwanza ikasita. Mtu akacheka chini ya turubai. Hapo ndipo sauti ya Bata ilipopasua kutoka nyuma: "Gwaride, endelea! Mpiteni!"

Wakampita. Safu ziligawanyika, buti zikapita pande zote mbili za kichwa chake, kushoto, kulia, kushoto, kulia, kila jozi ikimmwagia vumbi usoni. Alijaribu kuinuka, lakini kila akitazama aliona miguu inayotembea, na hakujua kipi kimetulia na kipi kinasogea. Akabaki chini hivyo hivyo mpaka wote walipokwisha. Bata alipita mwisho. Hakuinamisha hata shingo.

Wageni walipoondoka, mwenye kampuni alimwinamia, akamnusa mdomo waziwazi.

"Umekunywa nini?"

"Sinywi. Unajua sinywi."

"Basi umekunywa kisichonuka. Nenda nyumbani."

Mkewe ndiye aliyemburuta hospitali, na hakuficha sababu. "Nataka nijue naishi na mlevi au na mgonjwa. Mlevi nitamfukuza. Mgonjwa sina ujanja, nitamvumilia."

Daktari wa mishipa ya fahamu alikuwa mtu mwenye uso wa kuchoka, asiye na maneno ya kubembeleza. Alimlaza kitandani, akagonga kijichuma cha pembe mbili kikaanza kutetemeka, akakiweka kwenye kifundo cha mguu.

"Unasikia?"

"Nisikie nini?"

"Basi." Akakiweka kando. "Fumba macho. Nitakuwa nasogeza kidole gumba cha mguu wako. Niambie kiko juu au chini."

Afande akafumba. Alisubiri kidogo. "Juu," akasema kwa sauti ya uwanjani.

Mkewe akacheka kidogo.

"Unacheka nini?"

"Hajakigusa bado."

Kila alichosema baada ya hapo kilikuwa bahati nasibu. Juu, chini, juu. Mtu aliyewatukana mamia ya watu kwa kutojua kulia na kushoto kwao alikuwa hajui kidole chake mwenyewe kimeelekea wapi. Mwishowe daktari akamsimamisha, visigino pamoja, mikono ubavuni, kama anavyosimama kuruta.

"Hii naijua," Afande alisema.

"Fumba macho."

Mwili mzima ukaanza kuzunguka polepole kama mti uliokatwa unaotafuta pa kulalia. Daktari akamkamata mkanda wa suruali kabla hajafika sakafuni.

"Sasa nisikilize, maana sitarudia," daktari alisema baada ya kumkalisha. "Mtu akisimama anadhani ametulia. Hakuna aliyetulia. Kila wakati unaanguka kidogo na kujirudisha, na ukitembea ndiyo kabisa: unajiangusha mbele halafu unajidaka kwa mguu. Ili ubongo ukudake, lazima uletewe habari. Macho yanaleta za kwake. Ndani kabisa ya sikio kuna vijifereji vyenye maji vinavyoleta habari za kichwa, kimeinama au kimegeuka. Na nyayo, misuli na viungo vya miguu vinapandisha habari kwa njia ya uti wa mgongo: goti limekunja kiasi gani, uzito uko kisiginoni au vidoleni. Huku kisogoni kuna ubongo mdogo, kazi yake kubwa ni kuzipatanisha hizo habari na kurekebisha hatua kabla hujajua kama imeharibika. Wewe habari za miguu hazifiki. Njia imeharibika. Umekuwa unatembelea macho. Ukiyafumba au ukiyapeleka kwingine, umekwisha."

"Kwa hiyo hakulewa," mkewe alisema. Hakuonekana kama mtu aliyefurahi, wala aliyesikitika.

Vipimo vya damu vilileta sababu. Tumbo lake lilikuwa limeacha kunyonya vitamini B12 kutoka kwenye chakula, na bila hiyo ganda linaloifunika mishipa ya uti wa mgongo huchakaa kama ganda la waya wa umeme. Dawa ilikuwa sindano, tena za maisha.

"Nitapona?"

"Ungekuja ganzi ikiwa vidoleni, ningesema ndiyo. Sasa nasema tutaona."

"Nilimwambia," mkewe alisema.

Daktari akamgeukia Afande. "Alikwambia?"

"Aliniambia," Afande akajibu, na neno hilo lilimkwaruza koo kuliko povu la sabuni.

Mwenye kampuni alisikiliza maelezo yote huku akichezea simu. Akasema pole, akasema pia hawezi kuwapelekea wateja walinzi waliofundishwa kwata na mtu anayeanguka. Kulikuwa na kazi ya darasani: kufundisha matumizi ya redio na upekuzi wa magari. "Utakuwa chini ya Bata," akasema.

"Heri nikae nyumbani."

"Kaa."

Akakaa. Sindano ziliupoza ulimi, zikampa nguvu za kula, lakini miguu iliendelea kuwa ya jirani. Mtaalamu wa mazoezi alimfundisha kutembea kando ya ukuta na kusimama jikoni ameshika meza, akamwambia avae viatu vya soli ngumu nyembamba. Na mkewe, cherehani ikinguruma, alimtolea maoni. "Umepinda." "Inua mguu, unanifutia sakafu." "Mbona unatembea kama umebeba mayai?" Hakuvumilia mpaka mwisho wa mwezi. Akaamua kama ni kutukanwa, basi atukanwe kwa mshahara.

Asubuhi aliyorudi, Bata alikuwa amelipanga gwaride tayari. Banda la darasa lilikuwa upande wa pili. Angeweza kupita nyuma, kando ya ofisi, lakini geti la huko lilikuwa limefungwa kwa kufuli jipya.

"Fungua," alimwambia.

"Njia iko hapa." Bata akaonyesha uwanja kwa kidevu. "Na jina langu ni Afande."

Makuruta walikuwa wanatazama. Aliuma meno. "Ndiyo, Afande."

Akaanza kuvuka, kichwa chini, macho kwenye buti, miguu ameitanua kama mtu aliye ndani ya lori linalokwenda. Hatua zilipiga ardhi kwa kishindo, pa, pa, kwa sababu mguu usiosikia ardhi huitafuta kwa nguvu. Katikati ya uwanja kuruta mmoja akashindwa kujizuia, akacheka.

"Nani huyo?" Bata alifoka. "Chuchumaa! Zunguka uwanja! Hapa anayemcheka huyu ni mimi peke yangu!"

Afande Chuma alisimama pale pale, masikio yanawaka moto. Vicheko vya makuruta wote angevistahimili, wamcheke mpaka wachoke, kuliko hilo. Mchana alimfuata kwenye stoo.

"Usinitetee tena."

"Nani kakutetea?" Bata alikuwa anahesabu kofia, hakugeuka. "Kwata haitaki vicheko, basi. Mimi nakuchukia, Chuma, usije ukajidanganya. Siku ulipoanguka nilikwenda nyumbani nikala nikashiba, nikalala usingizi mzito. Niliwaza tu kwamba nimekuona chini."

"Nami nilikuona ukinipita."

"Nilitaka unione."

Akatoka ameshika ukuta.

Sasa, mtaalamu wa mazoezi alikuwa amempa zoezi jipya, gumu kuliko yote: atembee kichwa juu, macho kwenye kitu kisichosogea kilicho mbali kidogo. Alimweleza kwamba macho yakishika mahali palipotulia, ubongo hupata pa kujishikiza, na masikio ya ndani nayo hujifunza kubeba sehemu ya kazi ya miguu. Jioni, makuruta wakishaondoka na jua likiwa bado kali, Afande alianza kujaribu uwanjani. Alichagua mlingoti wa bendera. Alianguka mara nyingi, akachubuka magoti na viganja, akajitukana matusi yale yale aliyokuwa akiwapa wengine.

Bata alikaa kwenye kizingiti cha ofisi akisubiri kufunga. Hakumsogelea. Akianguka, alisema, "Inuka, nataka kwenda kwangu," na Afande akainuka, kwa magoti, kwa mikono, bila kuombwa wala kusaidiwa. Chuki ile ilimfaa kwa namna yake. Hakuna huruma iliyowahi kumfikisha mahali, lakini kumwona mwanamke yule ametulia pale, mguu juu ya mguu, kulimfanya asitake kubaki chini.

Na kulikuwa na jambo moja ambalo hakulistahimili kabisa. Kila asubuhi ilimbidi kwenda kwa Bata kupokea zamu, na kila asubuhi alimfikia ameinamisha kichwa kama anayeomba radhi. Hakuwa na radhi ya kumwomba, wala hakuwa na nia ya kuonekana anaomba. Kwa hiyo akaacha mlingoti. Akachukua uso wa Bata. Aliukazia macho kutoka upande wa pili wa uwanja, akatembea kuuelekea, akiwaza kwa makusudi kile ambacho wengine hufanya bila kujua: kisigino, uzito, goti, mguu wa pili.

Siku ya kwanza aliyokaribia kufika, Bata aliinuka kizingitini na kusogea kando, polepole, huku anamtazama. Dunia yote ya Afande ikasogea naye. Akaenda mrama, akapiga goti chini.

"Nimeambiwa nitazame kitu kisichosogea!" alifoka.

"Mimi si ukuta."

"Ungeweza kusimama!"

"Nawe ungeweza kuniita kwa jina langu miaka yote ile." Akakung'uta sketi. "Inuka."

Akainuka. Kesho yake Bata alisogea tena, na keshokutwa. Hakuwa anamfundisha, wala hakujisingizia kwamba anamfundisha. Alifurahia, ilionekana usoni. Lakini anayemfuata adui yake kwa macho kila jioni, adui akienda kulia naye aende, akirudi arudi, hatimaye mwili wake hukamata jambo. Afande alianza kuyumba bila kuanguka. Kisha akayumba kidogo. Nyayo nazo, kwa sindano zile, zilianza kumrudishia habari hafifu, kama redio ya mbali: hapa pana jiwe, hapa pana mteremko. Kwata hakuirudia kamwe. Gizani aliendelea kuwa mtu wa kushika ukuta.

Lakini ilifika asubuhi moja, gwaride limepangwa, akaingia getini, akainua kichwa. Bata alikuwa upande wa pili mbele ya safu. Afande Chuma akamkazia macho na kuvuka uwanja wote bila kutazama chini hata mara moja. Bata alihama hatua kadhaa kushoto, naye akapinda pamoja naye. Akahama kulia, akamfuata. Alipomfikia walisimama uso kwa uso, karibu kiasi cha kusikia pumzi.

"Stoo ilitakiwa kuwa wazi," Afande alisema. "Umechelewa, Afande."

Bata akatazama nyuma ya Chuma, kwenye vumbi, ambako nyayo zake zilikuwa zimeandika njia iliyojikunjakunja kutoka getini hadi pale.

"Na wewe umefika," akasema, bila kutabasamu. Akamtupia funguo kifuani.

Akazidaka.